Chumba cha Chini, Oulu

Saa tisa alasiri, na giza limeshaingia.
Tuulikki anafungua faili la mia nne na sita:
tasnifu kuhusu kuvu wa miambani, kurasa mia mbili,
na picha ya buti la mtafiti, iliyopachikwa kwa bahati mbaya.
Haifuti.

Jana ilikuwa opera fupi ya filimbi na cherehani.
Juzi, hesabu za daraja ambalo halikujengwa;
mwandishi wake amekiri mwishoni: "Nilikosea ukurasa wa tisa."
Hilo nalo limehifadhiwa. Kosa la mwenzio ni taa.

Leo mikononi ana sauti za barafu ikipasuka mtoni,
alizonasa Eljas Kortesoja majira matatu mfululizo,
kabla moyo wake haujasimama, shahada haijatoka.
Mama yake ndiye aliyeleta kanda, ndani ya mfuko wa mkate.

Tuulikki anaandika jina, mwaka.
Penye "lugha" anasita.
Anaandika: barafu.

Mlango huu hauna kufuli, wala haumuulizi mtu cheti.
Kabla hajavaa koti, tarakimu chini ya jina imegeuka:
sifuri, kisha moja.
Mahali fulani mtu anasikiliza.