Pale Chokaa Ilipoisha

Saa nane mchana, Stesheni ya Kigoma.
Reli imefika mwisho wake, haina haraka tena.
Treni haijaja. Huenda ikaja kesho.
Nimepiga magoti kwenye saruji yenye moto,
mkononi simu yenye ufa,
na mlinzi, Bwana Ntakije, ananiuliza
nimedondosha nini.

Sijadondosha kitu.
Naokota.

Naokota tao la tatu kutoka kushoto,
si tao lote, nusu ya mgongo wake,
pale jua linapolipasua kama kisu kwenye muhogo
na kivuli kinalala kando, kizima, cheusi.
Kacha.
Naokota ngazi zisizofika kokote.
Kacha.
Nguzo mbili, na katikati utepe wa buluu
ambao mimi najua ni ziwa
lakini picha haijui,
na sitaiambia.

Usiku niko nyumbani, Mwanga,
mtaa uliopewa jina la kitu
ambacho leo tumekatiwa tangu magharibi.
Simu ina asilimia kumi na tisa.
Nimejifunika kitenge gubigubi, mimi na kioo changu,
naanza kutoa.

Natoa bango la nauli.
Natoa kunguru, na waya aliotulia juu yake.
Natoa rangi zote, naacha kijivu na ule utepe.
Natoa mwaka.
Natoa Mjerumani aliyechora.
Waliobeba mawe nimejaribu, hawatoki:
wamo kwenye uzito.

Kidole gumba kinasukuma giza
mpaka kivuli kiwe shimo la kuchungulia.
Nalizungusha tao nyuzi tisini: sikio.
Nalirudufu, nalitazamanisha na nafsi yake: mtungi.
Nazidisha kidogo tu, mtungi unapasuka,
narudi nyuma hatua tatu.
Hapo ndipo ninapoipendea simu hii,
kurudi hatua tatu
bila kumwomba mtu msamaha.

Asilimia saba.
Butoyi, pacha wangu, anafunua kitenge:
"Hicho nini, sabuni?"
"Stesheni."
"Stesheni iko wapi hapo?"
"Imo."
"Bukuru, wewe," anasema, "ungepiga hata harusi,
watu wakajiona, wakalipa."
Kweli. Sina jibu lenye hela ndani yake.

Hata hivyo nikaichapisha moja.
Elfu tatu, duka la picha za pasipoti
nyuma ya soko, ambako mwenye mashine
aliigeuza, akaigeuza tena, akauliza:
"Mtu wake yuko wapi?"
Kwenye benchi palikuwa na mzee Ruhomvya, fundi rangi,
amekuja kupigwa ya kadi ya bima,
shati limefungwa mpaka koo,
chokaa bado imo kwenye kucha.

Akaichukua bila kuomba.
Akaizungusha mara moja, mara ya pili,
polepole, kama mtu anayetafuta kitasa gizani,
mpaka tao likasimama kama linavyosimama.
Akaweka ukucha chini, pembeni,
pale weupe unapochoka.

"Hapa," akasema, "chokaa iliniishia.
Nikaenda kuchanganya nyingine, maji yakazidi.
Ukuta haujanisamehe mpaka leo."

Mimi lile doa nilidhani ni ufa wa simu.
Nimelifuta mara mbili,
mara mbili nikarudi nyuma,
sijui kwa nini, mkono tu ulikataa.

Akaniuliza bei.
Nikasema elfu tatu, kama nilivyotoa.
Akacheka mpaka akafungua kifungo cha koo:
"Elfu tatu kwa kosa langu mwenyewe!"
Akanipa mia tano,
akaikunja picha mara nne, akaitia mfukoni.
Nyingine, akasema,
treni ikija.