Foleni ya Mkate, Lublin

Nimetoka zamu ya usiku, wodi ya wazee.
Theluji imeingia kiatu cha kushoto.
Mbele yangu Bwana Zenobi anahesabu grosi:
moja. Mbili. Tatu.
Ya nne inamponyoka, inabiringika chini ya kaunta,
naye anaanza upya.
Moja.

Kwa mkate mweusi! Tena nusu!
Nakohoa,
kile kikohozi kisicho na ugonjwa.

Jumapili nilisimama mimbarini
nikasoma somo la upendo unaovumilia,
sauti ikapanda vizuri mpaka darini.
Leo upendo wangu umeishia
kwenye grosi ya kumi na saba.

Anageuka. "Uniwie radhi, binti.
Pochi alikuwa akishika marehemu mke wangu."

Nataka kusema si neno. Halitoki.
Ndipo magoti yangu yanikumbusha
hesabu zangu za kila usiku:
kosa lile lile, moja, mbili,
linaniponyoka, naanza upya,
na Yule anisikilizaye
hajakohoa hata mara moja.

Nainama. Vumbi, unga,
sarafu baridi kama jicho la samaki.
Naiweka kiganjani mwake.
"Tuanze," nasema. "Moja."

Subira huvuta heri.
Leo imevuta mkate wa jana,
na nimechelewa basi.

Nyumbani, taulo lililolowa
limetupwa tena upande wangu wa kitanda.
Namwita Kazimierz kwa jina lake lote, kwa ukali,
kisha nauma ulimi.

Bwana,
moja.