Shangazi wa Vidole Vitatu

Waliniazima kutoka zizini, hapa Mirfa,
kwa kuwa mkono wangu unajua meno.
Wao wana brashi, gundi, plasta na ramani;
mimi nina miaka kumi na tisa ya kufungua vinywa vya farasi
na kutaja umri kabla bei haijatajwa.

Siku ya nne, chini ya genge jekundu,
pale bomba la gesi linapopinda,
chekeche likabaki na kitu:
kirefu kama kidole gumba, kizito kuliko sura yake,
juu kimekunjwakunjwa kama upindo wa kanga iliyolowa.
Nikasema: farasi. Gego la juu.
Daktari Ghaliya akaligeuza juani, akanionyesha
kisiwa kidogo ndani ya jino, kisichoshikana na bara.
"Farasi, ndiyo. Ila huyu alikuwa na vidole vitatu kila mguu."

Miaka milioni saba na ushei.
Hapa palikuwa na mto,
si wadi ya kungoja mvua: mto, una mamba, una viboko.
Leo chumvi inatumbuka ardhini kama upele
na maji yetu huja kwa lori, Jumatatu na Alhamisi.

Nikauliza, kama tuulizavyo sisi watu wa nasaba:
ni bibi yake Rihana?

(Rihana, jike la tajiri wangu, ana pasipoti yenye picha
na mababu wanane kwa wino wa dhahabu.
Mimi nilipoambiwa dirishani niwataje wangu
nilifika wa tatu, nikababaika.)

"Bibi? La. Shangazi.
Ukoo wake ulitapakaa, ukala, ukakimbia, ukakoma.
Hakuna farasi aliye hai wa kumwita mama.
Usidhani ni ngazi, kipandio kikizaa kipandio.
Ni kichaka, na mbuzi wamekipitia."

Usiku nikaingia bandani na tochi.
Rihana akanipa mguu bila kuombwa.
Nikateremsha vidole nyuma ya mfupa mkubwa,
kushoto, kulia:
viwili, vyembamba kama shazia,
vinakoma juu ya kifundo, ardhi hawaijui.
Vikivimba huwa navilaani.
Safari hii nilinyamaza.
Lile ambalo mababu wanane hawakuliandika
mguu ulikuwa umeliweka.

Jino likaenda Abu Dhabi ndani ya pamba, likapewa namba.
Ijumaa Rihana akashika mkia, tajiri akanuna.
Mimi nikamkanda miguu kwa mafuta ya uto,
vidole vyote vitatu.