Bahari ya Karai

Mvua imefunga shule, Nyalenda yote ni tope,
nikamwambia Apondi: lete karai,
leo tunatengeneza bahari.
Maji ya jerikeni, nusu.
Papa tukamkata kwenye boksi la biskuti,
akaogelea kidogo, akalowa, akalala ubavu.

Nikatumbukiza yai. Likazama, tuli.
"Hilo ni ziwa letu la Kisumu. Sasa ngoja."
Kijiko cha chumvi. Kijiko. Kijiko,
hadi pakiti ikabaki karatasi tupu,
na yai likainuka pole pole
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Apondi akachovya kidole, akaonja, akakunja uso.
"Nani aliyemwaga chumvi yote hiyo?
Na samaki, hawaoni kiu?"

Mimi niliyeiona bahari mara moja tu,
kwenye kalenda ya dukani kwa Obura,
mwezi wa nane, pembeni pana doa la mafuta,
nikajikohoza:
"Hilo, mwanangu, tutauliza."

Usiku maharagwe yakaiva, chumvi hakuna.
Tukala kimya, tukitazamana.
Kisha akainuka na kijiko chake,
akainama juu ya karai:
"Mama, nikutilie bahari kidogo?"