Kenya kwa Kenya

Sisi nasi ni Kenya:
mtaa wa Lubumbashi, soko lake, mitaro yake,
udongo mwekundu unaokupanda hadi magotini
mvua ya Januari ikishapita.
Kwa hiyo mtangazaji alipoita "Kenya!"
jukwaa zima likainuka,
tukawashangilia wageni kwa kukosea,
na wale dada warefu waliotoka Nairobi
wakatupungia, wakidhani tumewapenda ghafla.

Mwewa hakucheka.
Yeye ndiye anayewainulia wenzake mpira,
vidole viwili ndani ya plasta,
vidole vilevile vilivyosonga bukari jana kwangu
akinung'unika kwamba unga una mchanga.

Seti ya tano. Kumi na nne kwa kumi na nne.
Mimi sheria sizijui. Mgongo wake naujua.
Akiinamisha bega la kushoto, anadanganya:
ndivyo alivyokuwa akiniambia ametoka shule
na magoti yamejaa vumbi la uwanjani.

Bega likainama.
Wazuiaji wawili wakaruka kulifuata,
wakakumbatia hewa;
mpira ulishapita nyuma ya kisogo chake,
taratibu, kama mtu anayekuja kulipa deni.

Baadaye tulifungwa, kumi na nane kwa kumi na sita.
Sikulia. Nilitafuta kiatu changu chini ya benchi.

Mlangoni, nahodha wao akamuuliza:
"Wewe kwenu wapi?"
"Kenya."
"Kenya ipi?"
Mwewa akainua mguu,
akamwonyesha soli.