Hayo Tisa, Kumi...

Nilipokuwa na miaka tisa, juu kule Mabatini,
nilisukuma jiwe.
Halikuwa kubwa, kiasi cha kichwa cha ndama,
likashuka mteremko, likaruka mtaro,
likaacha kuku, likaacha mbuzi, likaacha watoto wa watu,
likaenda kuchagua mtungi wa Mama Nkwimba
uliojaa maji ya foleni ya tangu alfajiri.
Mama alinichapa. Mwenye mtungi naye akanichapa.
Baba aliporudi kutoka zamu akauliza tu:
"Ulilenga?"

Sikujibu.
Nililenga.

Leo ni Igogo, ghala la zamani la pamba.
Ukipiga chafya, nyuzi bado zinadondoka darini.
Wametandika njia sita za mbao, wamezipaka mafuta,
na mwisho wa kila njia wamesimamisha pini kumi
nyeupe, shingo nyembamba, kama mabibi harusi wanaosubiri gari.
Asubuhi tulikuwa wanawake thelathini na wawili.
Sasa tumebaki wawili.

Kwenye skrini wameniandika Kwando.
Mimi ni Kwandu. Nikawaacha.
Mwenzangu ni Kokushubira, wa Bukoba,
ana tufe lake mwenyewe, la zambarau,
analipangusa taratibu kama anayemfuta mtoto makamasi.
Langu ni la ukumbi, limemeguka ubavuni,
limeshikwa na vidole vya kila aliyelipa.

Lakini mimi, siku sita kwa wiki, nachuna minofu ya sangara.
Sakafu ya kiwanda ndiyo iliyonifundisha:
mguu wa kushoto uteleze, goti likunjike,
kiuno kisikimbilie mbele ya bega.
Na vidole vitatu ndani ya tufe
ni vidole vitatu ndani ya matamvua:
usibane, usilegeze,
uache uzito ukumbuke wenyewe unakokwenda.

Fremu ya kumi.
Tufe la kwanza: zote chini,
kishindo cha kabati la vyombo.
La pili: zote chini,
na wasichana wa zamu ya usiku wamepanda juu ya viti,
Minza anapiga sufuria aliyoificha sijui wapi.
La tatu.
Nahitaji kumi. Kwa tisa tutalingana,
na tukilingana, kanuni inampa aliyeongoza asubuhi,
naye ni yule wa zambarau.

Nikateleza. Nikaachia.
Mkono ukabaki hewani kana kwamba umesahau kitu.
Tufe likapita ukingoni mwa mtaro, likajirudi,
likaingia pale pale,
pale pale nilipotaka.

Tisa zikalala.
Ya kumi, kule pembeni kulia,
ikayumba kama mlevi anayetafuta ufunguo,
ikainama,
ikafikiri,
ikasimama.

Ukumbi mzima ukasema "Aaah!"
Mimi nikacheka, na wengi wakadhani nalia.
Nje, mawe ya mji huu yamepandana tangu kabla ya majina,
jiwe juu ya jiwe,
kwenye ncha isiyomtosha kunguru,
na hakuna anayeyapigia makofi.
Nilikuwa nimesahau niko wapi,
na vitu vya huku vina tabia gani.

Kokushubira akanishika mkono.
Kidole gumba chake kimevimba kama changu.
"Wanaandika jina lako vibaya," akasema.
"Najua."

Bahasha ya mshindi wa pili si nene.
Jumatatu, kabla ya zamu, nikanunua pipa la bluu la lita mia,
nikalifunga kwenye bodaboda mpaka barabara ilipoishia,
kisha nikalibeba kichwani, ngazi kwa ngazi, Mabatini.

Mama Nkwimba akaligonga kwa kifundo cha kidole.
Akachungulia ndani. Akalinusa.
"Miaka ishirini na miwili, wewe msukuma mawe,
miaka ishirini na miwili unanidai subira.
Haya. Hayo tisa.
Kumi: mfuniko wake uko wapi?"