Mbea Mwembamba

Zabrze, mwezi wa pili. Theluji ya hapa
hulala nyeupe, ikaamka na masizi.
Ghorofani, palipokuwa kiwanda cha kofia,
Otylia Wieczorek amevaa miwani juu ya miwani,
anatazama kitu kisichozidi ukucha:
pini saba
zimepita ndani ya kioo cha kijani,
na kioo kimekumbatiwa na pete ya chuma.

Ni kiungio tu. Umeme uingie huku,
utokee kule,
na kati ya huku na kule pasipite kingine:
si unyevu, si vumbi la makaa,
si methani,
isiyo na rangi wala harufu,
inayojibanza darini mwa mgodi
kama mgeni asiyebisha hodi
akingoja cheche moja imtangaze.

Wengine huziba kwa mpira.
Mpira ni rafiki wa miaka mitano:
hukakamaa, hupasuka midomo, husahau.
Wengine humimina gundi.
Gundi, asema Otylia, ina ahadi nyingi.

Yeye huoza chuma kwa kioo,
tanurini, nyuzi mia tisa na sitini,
bila shahidi ila nitrojeni.
Mahari ni hesabu:
vikipata joto, vitanuke sawa,
vikipoa, visinyae sawa,
la sivyo mmoja atamvuta mwenzake
usiku, polepole,
mpaka kioo kilie kilio kisicho na sikio.
(Kuoza kuna maana mbili.
Aozaye vibaya huonyeshwa ya pili.)

Baba yake, Achim, alikuwa fundi umeme
mita mia nane chini ya miguu ya watu.
Hakufa. Wasimuliaji wangependa afe.
Alipanda juu bila nyusi,
na tangu siku hiyo huzima taa ya jikoni
kwa mpini wa ufagio,
akiwa amesimama mlangoni.

Leo wana viungio arobaini.
Lori la Rybnik litakuja alfajiri.
Dorian, mwanagenzi, anakifunga kila kimoja mashineni,
ananyonya hewa upande mmoja mpaka ubaki utupu,
upande wa pili anapuliza heliamu.

Heliamu ni mbea mwembamba.
Maji yakikwama, yeye hupita.
Haungui, hafungamani na mtu, hana kwao;
kazi yake ni kupenyeza kichwa
na kuja kusema kilichomo.

Kumi na sita, kimya.
Cha kumi na saba, sindano ikatikisika.

"Kidogo sana," Dorian akasema, akapiga hesabu
nyuma ya bahasha. "Lita moja ya hewa
kwa miaka thelathini. Nani atajua?"

Wahenga walituonya: usipoziba ufa
utajenga ukuta.
Walikuwa na bahati, wahenga.
Ufa wao ulikuwa wa udongo,
na baada yake palibaki mtu wa kujenga.

Otylia hakujibu. Alikichukua kiungio,
akakiweka juu ya fuawe,
akakipiga nyundo mara moja.
Sauti ilikuwa ndogo, kama sukari guru ikivunjwa kwa jino.

Chini ya hadubini, kando ya pini ya nne,
vilipangana vipovu,
kimoja nyuma ya kingine,
njia nyembamba kuliko unywele,
pale kioo kilipokataa kushika
kwa sababu ya mafuta.

Mafuta ya ngozi.

Alikumbuka. Jumanne, simu ililia,
Achim akiuliza kama makaroni yamekwisha.
Alivua glavu apokee.
Pini ilikuwa pembeni, akaisogeza.
Mguso tu.

Dorian alikuwa amefungua daftari la kasoro.
"Niandike nini? Tanuri?"
"Tanuri halina kosa."
"Basi kioo."
"Andika kidole."

Kalamu ikasimama. Nje, theluji mpya
ilikuwa ikianza juu ya ile chafu.
"Kidole cha nani?"

Akamtajia jina, herufi moja moja,
asije akalikosea.
Kisha akavaa glavu.
"Kumi na nane," akasema. "Funga."